Mimi Nilibeba Sufuria

Nabintu mwanangu,

Barua za watu huanza kwa kuuliza afya. Yako naijua: una mafua tangu Jumapili, na asubuhi hii uliacha mkate nusu kwa sababu Papa yako alikuwa ameketi upande wa pili wa meza. Sasa umeshuka Kadutu kuaga wenzako wa shule. Papa yako amejilaza na redio kifuani, anajifanya amelala. Mimi nimefunga mlango wa jiko, nimeketi kwenye kigoda, karatasi iko juu ya magoti, na sambaza, vidagaa vyangu vya kuuza, zinakauka juani bila mtu wa kufukuza kuku.

Kesho asubuhi lori la makurutu linaondoka na wewe umo ndani. Utapita Kamanyola, utakata bonde lote la Ruzizi, halafu utaendelea mpaka huko kwenye kituo cha mafunzo ambako mimi sijawahi kufika. Papa yako amesema ukipanda lori hilo usirudi tena hapa. Alisema mbele yangu na mbele yako, naye si mtu wa kumeza maneno yake. Kwa hiyo sitapoteza wino kwa habari za sweta, dawa za malaria na namna ya kuficha sabuni isiibiwe. Hayo utayajua ndani ya wiki. Nataka kukuambia kwa nini mimi nasema uende, ingawa ninaogopa.

Maisha ya kambi huyakumbuki vizuri, ulikuwa mdogo tulipotoka. Watu wa mjini wanafikiri jeshi la miguu ni wanaume wenye bunduki. Wangeniuliza mimi. Batayo yetu, kikosi cha Papa yako, ilipohamishwa kutoka kilima hiki kwenda kile, nyuma ya kila askari alikuwapo mwanamke mwenye sufuria kichwani, mtoto mgongoni na turubai kwapani. Wao walitembea, sisi tulitembea. Mvua iliwanyea, ikatunyea na sisi. Tofauti ni kwamba wao wakifika waliambiwa wapumzike, na sisi tukifika tulianza kutafuta kuni. Nilifuata batayo ile tangu nilipoolewa mpaka mguu wa Papa yako ulipokataa, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kuuliza jina langu. Nilikuwa bibi ya sergent, mke wa sajini, basi. Magunia ya maharage yalijulikana vizuri kuliko mimi.

Na usidhani sisi kwa sisi tulikuwa sawa. Cheo cha bwana kilihamia kwa mke wake. Mke wa komanda tulimwita mama komanda, naye alitoa amri kuliko mume wake, kwa sababu mume wake alikuwa na wakubwa juu yake na yeye hakuwa nao. Mke wa sergent alimtuma mke wa caporal, mke wa caporal alimtuma mke wa askari wa kawaida, na huyo wa mwisho hakuwa na wa kumtuma, akashika ndoo akaenda mtoni. Siku Papa yako alipofanywa sergent, mimi nilikaa chini. Kweli kabisa, nilikaa! Kulikuwa na binti mmoja kutoka Mudaka, jina lake Vumilia, ameolewa na askari aliyeingia juzi. Alinichotea maji msimu mzima, tumbo lake likikua, na mimi nikaona ndiyo haki yangu. Siku moja alitua ndoo mbele yangu akaniangalia.

"Mama sergent, bwana yangu iko anaitika bwana yako, juu alikula kiapo. Mimi nilikula kiapo wapi?"

Nabintu, cheo kinaingia ndani ya mtu kama mafuta ya taa kwenye unga. Hukioni kwa macho, lakini kila anayekula ugali wako anakisikia. Wewe utapewa cheo, najua, maana una akili na huna haya. Siku hiyo, tafuta maji yako mwenyewe angalau mara moja, uone kama miguu bado inajua njia.

Hadithi ya godoro umeisikia. Papa yako huisimulia kila harusi na watu hucheka mpaka bia inamwagika. Lakini yeye husimulia nusu. Leo nakupa yote.

Tulikuwa tumewekwa kwenye kilima kimoja mbele kidogo ya Luvungi. Wanaume walikuwa juu, kwenye mahandaki. Sisi tulikuwa chini karibu na kijito, na lori la komanda limesimama katikati ya mahema. Adui alikuwa kwenye kilima cha pili. Redio ilikuwa juu kwa wanaume, na hakuna aliyekumbuka kutuambia lolote, kwa hiyo tulijifunza kusoma mizigo ya mama komanda. Alikuwa na godoro la sponji, nene, lenye maua mekundu, la pekee kambini. Sisi tulilalia majani. Godoro likiwa ndani ya hema, tunapika. Godoro likipandishwa kwenye lori, tunafungua turubai na kuondoka, kwa sababu mama komanda alijua mambo kabla ya makapteni. Usicheke. Lilikuwa limeshatuokoa mara mbili, sisi na watoto wetu, wakati wanaume wetu walikuwa bado wanasubiri amri.

Basi siku hiyo nilikuwa naosha maharage. Nikainua macho, nikaona askari wawili wanatupa godoro juu ya lori. Sikuuliza mtu. Nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote.

"Bamama! Godoro iko ku lori! Tuende!"

Ungeona kazi! Maharage yalimwagwa, moto ukazimwa kwa mchuzi, watoto wakafungwa mgongoni mwa yeyote aliyekuwa karibu. Wewe nilikufunga vibaya, mguu mmoja ndani mmoja nje, ukalia njia nzima. Tukashika barabara ya Luvungi, mstari mrefu wa sufuria. Kule juu wanaume wakaona moshi umekufa na wake zao wanateremka. Wakaambiana, "Banawake banaenda. Komanda iko na kitu anajua." Handaki la kwanza likaachwa, la pili likafuata, na kilima chote kikabaki kitupu bila risasi hata moja kulia.

Godoro lilikuwa na kunguni. Mama komanda alitaka lipigwe na jua, na alilitaka juu ya lori ili mbuzi wasilikojolee.

Hapo Papa yako huishia. Watu wanacheka, anapewa chupa nyingine. Anachoacha ni hiki. Komanda alitukuta barabarani na lori lake, godoro likiwa bado juu. Akapanga wanaume upande mmoja na sisi upande mwingine, tena kwa vyeo vya waume zetu, hata katika aibu ile. Alikuwa na fimbo. Akauliza ni nani aliyeanza, na kila mwanamke akatazama vidole vya miguu yake. Mimi nilikupitisha wewe mpaka kwa Vumilia kule mwisho, nikatoka mstarini. Nilimwita mokonzi, yaani mkubwa, kama wanaume walivyomwita.

"Njo mimi nilianza, mokonzi. Niliona godoro. Sisi hatuko na redio, hakuna mutu anatuambia kitu. Kama godoro njo inatuambia habari mbele ya wewe kutuambia, basi upige godoro."

Mwanaume mmoja kwenye mstari wao alicheka, na kicheko kile ndicho kilichoniponza. Komanda alimgeukia Papa yako.

"Sergent, huyu ni bibi yako?"

"Ndiyo, mokonzi."

"Umesikia anasema nini?"

Papa yako alisimama wima, mikono kwenye mapaja, macho mbele. Hakujibu. Nilichapwa pale barabarani mbele ya batayo nzima, na yeye alikuwa karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemshika.

Fimbo ilipochoka, komanda akaamuru kila mtu arudi alikotoka, wanaume kilimani na sisi kwenye kijito. Wanaume wakaanza kugeuka. Hapo Vumilia, wa mwisho kabisa kwenye mstari wetu, akashusha sufuria yake, akaipindua chini juu, akaikalia, na wewe mapajani mwake.

"Tutarudia ku kijito," alisema. "Lakini siku ya kutoka, nani atakuja kutuambia?"

Mwenzake akapindua yake. Kisha mke wa caporal, kisha wake wa masergent, kisha mimi, nikakaa kwa shida maana fimbo ilikuwa imeshuka kutoka mgongoni mpaka makalioni. Barabara yote ikawa wanawake wamekalia sufuria. Komanda alitazama jua, akatazama kilima chake kitupu, akatazama wanaume waliokuwa hawajala tangu asubuhi. Sufuria iliyopinduliwa haipiki, na hakuna jeshi la miguu linalopanda kilima kwa fimbo peke yake. Akasema kila jioni caporal mmoja atashuka kutuambia kama tulale au tufunge mizigo. Alisema kwa hasira, kama mtu anayefukuza mbwa, lakini alisema. Tukainuka. Adui hakuwa amegundua kitu, wanaume wakarudi mahandakini, na jioni ile caporal alikuja kweli. Alikuja kila jioni mpaka tulipohamishwa.

Nilikosea, mwanangu. Nilipiga kelele bila kuuliza, na kwa kelele yangu watu wangeweza kufa. Kosa hilo ni langu na nalikubali mbele ya yeyote. Lakini sikukosea kusema nilichosema barabarani, na nikirudishwa pale leo na mgongo huu wa uzee, nitatoka mstarini tena.

Kuna jambo lingine ambalo hakuna anayelisimulia harusini. Chakula kisipofika, batayo hula kijiji. Ndivyo ilivyokuwa, na nitakudanganya nikisema sisi tulikuwa tofauti. Jioni moja Papa yako na wenzake walishuka na mbuzi, kamba bado iko shingoni, imekatwa kwa kisu. Sikuuliza. Nilichuna, nikapika, nikaweka pilipili nyingi. Tukiwa tunakula, akaja mama mmoja wa bondeni, umri wangu, kitenge kimefifia. Hakupiga kelele. Aliketi karibu na moto wetu, akatutazama mmoja mmoja tukitafuna, na hakuna aliyethubutu kumfukuza wala kumkaribisha. Tulipomaliza akasema, "Munipatie kamba yangu." Nilimpa. Aliikunja vizuri, akaondoka.

Nyama ile ilikuwa tamu, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Mimi nilikuwa na mwiko mkononi. Wewe utakuwa na bunduki, na mama yule atakuwa mbele yako, na atakuogopa kuliko alivyoniogopa mimi. Siku watakapokutuma kwenye mbuzi wa mtu, kataa. Watakuita mwoga, watakuita mtoto wa shule, labda watakufunga. Kaa huko ndani na njaa yako. Nitakuwa na fahari nawe kuliko wakikuletea nyota za dhahabu.

Na mkubwa akikuita ukamfulie nguo ndani ya hema lake, unajua na mimi najua kwamba hazungumzii nguo. Mjibu kwa heshima yote, mokonzi hivi, mokonzi vile, lakini mjibu kwa sauti ambayo mahema mengine yote yataisikia. Sauti ndogo ndiyo wanayoipenda. Mimi sikukuzaa na sauti ndogo, majirani wa hapa Panzi ni mashahidi.

Uliponiambia mara ya kwanza kwamba umeandikwa jeshini, nilikutukana. Nilikuuliza kama ulisoma miaka yote ile ili uje kulala kwenye matope. Ulinisubiri nimalize, ukasema, "Maman, vita inatufuata tu, tukiwa tayari ao hatuko tayari. Mi nataka nikuwe kule juu ya kilima, siyo huku chini na sufuria." Nilikuacha umesimama nikaenda kugeuza sambaza zisizohitaji kugeuzwa. Nililia kidogo. Kisha nikajiuliza ni nani aliyekufundisha kusema hivyo, na jibu lilikuwa limevaa nguo zangu.

Sasa Papa yako. Usiende ukiwa umemchukia, hilo nakuomba. Mwaka mzima baada ya barabara ile nilikuwa nampakulia chakula bila kumtazama. Aliwahi kusema nami mara moja tu habari hiyo. Alisema angefungua kinywa wangemfunga, na sisi tungebaki kwa nani? Ni kweli. Ni kweli kabisa, na haikunisaidia kitu. Mtu anaweza kuwa na sababu nzuri na bado akakuacha peke yako. Lakini ndiye aliyenibeba nilipougua homa kule bondeni, na ndiye aliyeniletea mafuta ya kupaka mgongo, akaniwekea karibu na kichwa bila kusema neno. Ni mtu mwema aliyefundishwa kusimama wima.

Jana, ulipoenda kuchota maji, nilimkabili.

"Juu ya nini unamukataza mutoto?"

"Mi najua jeshi."

"Na mimi najua."

"Wee ulijua masufuria."

"Ndiyo. Na siku ile masufuria njo ilirudisha batayo yako ku kilima."

Mkono wake ulikuwa unashika goti lile bovu na kuliachia, unalishika na kuliachia.

"Atamujibu mukubwa," alisema. "Atamujibu sawa vile wee ulijibu. Bataanza kumupiga, na mimi sitakuwa pale."

"Siku yangu ulikuwa pale," nilimwambia.

Akaongeza sauti ya redio.

Sikufurahi kumwambia hivyo. Neno lile lilikuwa limekaa ndani yangu tangu hujaota meno yote, na lilipotoka niliona limempata mahali palepale nilipotaka, nikatamani lirudi. Lakini halirudi, na sitaomba radhi kwa sababu ni la kweli. Sasa unaelewa anachokataa. Hakatai wewe uvae ile nguo. Anakataa asimame tena wima pembeni huku mtu wake anapigwa, safari hii akiwa mbali, na mguu mmoja mzima, na redio. Mimi nalielewa hilo kuliko yeye mwenyewe. Lakini woga wake ni wake. Hawezi kukufungia nao ndani.

Na mimi je? Mimi naogopa risasi, naogopa malaria, naogopa gari zenu zinavyopita kwenye kona za milima na dereva amekunywa. Naogopa siku watu wawili wenye nguo safi watapanda huku kwetu wakiuliza mama wa Nabintu. Nimewaona wakija kwa wengine, najua wanavyovua kofia. Nikikuambia siogopi utajua nimedanganya. Nakuacha uende pamoja na hayo yote, kwa sababu nimechoka na nchi ambayo sisi tunatembea nyuma na kusubiri kuambiwa. Wewe watakuandika jina. Komanda wako atalazimika kulijua, hata kama ni kwa kukugombeza. Lipige kelele kila wanapoita, wasikie.

Jana hiyohiyo, kabla hajazima redio, Papa yako alirudia neno lake. "Akitoka, asirudie mu nyumba yangu."

Nyumba yake! Kambi ilipotutoa kwa sababu ya mguu wake, tulilala kwenye veranda ya shangazi yako mpaka shangazi akaanza kuhesabu sufuria zake. Kiwanja hiki nilikitafuta mimi, kwa kuuza sambaza na makala, makaa ya kupikia. Mbao hizi zilipanda mlima kichwani kwangu, na wewe ulibeba misumari ndani ya kopo. Papa yako alikuwa chini kwenye mkeka, mguu umefungwa, akitupigia mluzi tusikate tamaa. Nilimkumbusha hayo taratibu, bila kelele, kwa sababu nilitaka ayasikie vizuri. Nikamwambia mlango wa nyumba hii nauweka wazi mimi. Asiyetaka kumwona mtu fulani akiingia, ndiye atakayetafuta pengine pa kukaa. Aliniangalia kama ananiona mara ya kwanza, halafu akauliza kama chai imebaki.

Kwa hiyo siku watakapokupa ruhusa, usiende kwa shangazi yako, na usisimame barabarani kutuma mtoto akuulizie kama Papa yupo. Panda moja kwa moja. Usibadili nguo huko chini ili kumpendeza mtu. Ingia na nguo hiyohiyo anayoikataa, na viatu vyako vya matope, uketi kwenye kiti kinachomtazama yeye uso kwa uso, umsalimie, na useme una njaa. Tangu nimeolewa, sahani ya kwanza hapa nyumbani ni ya Papa yako, hata siku tulizokosana. Siku hiyo nitakupakulia wewe kwanza.

Maman yako